Akiba ya Kidijitali Nayo Ilindwe

Benki Kuu ya Tanzania ilikwisha kutahadharisha mwaka 2019 kwamba sarafu za kidijitali si fedha halali nchini. Hata hivyo, mkulima wa Lushoto au mvuvi wa Visiwani aliyekwisha kuzinunua hatuwezi kumwacha gizani. Soko la FTX lilipofilisika Novemba 2022, walioziacha humo walishindwa kuzitoa. Twamshauri basi azihamishie katika pochi ya simu yake mwenyewe. Maneno 12 au 24 ya siri ayaandike karatasini, wala asimwonyeshe mtu. Ahakiki anwani na mtandao wa kupokelea, kisha atangulize kiasi kidogo. Zikienda kusiko, hazirudi. Nayo Serikali, iliyoweka kodi ya asilimia 3 juu ya mali hizo mwaka 2024, ifikishe elimu hii vijijini. Atozwaye kodi anastahili kufundishwa.