Maharagwe yaliyopikwa nusu: sumu jikoni, chombo maabarani

Jioni moja mama mmoja wa hapa Mutomo aliniletea watoto wake wawili waliokuwa wakitapika mfululizo. Walikuwa wamekula maharagwe mekundu saa nane mchana. Kufikia saa kumi mkubwa alikuwa amejikunja akishika tumbo, na mdogo ameanza kuendesha. Mama mwenyewe alionja vijiko viwili tu, lakini naye alikuwa na kichefuchefu.

“Daktari, yule mwuzaji ametulisha dawa ya wadudu,” aliniambia. Kesho yake angekuwa kwa chifu.

Nilitazama macho ya watoto. Mboni hazikuwa zimenywea, wala hawakuwa wakitokwa na mate na jasho jingi kama ilivyo kawaida ya aliyekula dawa za namna hiyo. Nikamwuliza, “Mwaitu, uliyapikaje?”

Kuni zimekuwa adimu, akasema, kwa hivyo aliyachemsha mpaka povu likaanza kupanda, kisha akaitia sufuria katika kapu la kuhifadhi joto na kwenda shambani. Hakuwa ameyaloweka. Aliporudi, mengine yalikuwa bado magumu. Tuliwapa watoto maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo, na kabla ya saa nne usiku walikuwa wametulia.

Msomaji, mwuzaji hakuwa na kosa. Ndani ya maharagwe mabichi, hasa yale mekundu, mna protini iitwayo lektini. Kazi yake ni moja: hushika sukari. Sisemi sukari ya chai. Juu ya kila seli ya mwili wako, na juu ya protini nyingi zilizomo katika damu, mmening’inia vijitawi vya sukari za aina mbalimbali. Lektini ya maharagwe ikifika tumboni ikiwa hai hung’ang’ania vijitawi vilivyo kwenye ukuta wa utumbo, na utumbo hukasirika. Maharagwe mabichi manne au matano yanatosha kumtapisha mtu, kwa kawaida baada ya saa moja hadi tatu. Joto la wastani halisaidii. Maharagwe yaliyopashwa moto hadi nyuzi 80 tu huweza kuwa na sumu kali kuliko mabichi kabisa.

Tabia hii iligunduliwa mwaka wa 1888 na mwanafunzi wa udaktari, Peter Hermann Stillmark, katika chuo kikuu cha Dorpat, mji ambao leo huitwa Tartu, nchini Estonia. Alichanganya maji ya mbegu za mbarika na damu, akaona chembe nyekundu zikishikamana mafungu mafungu. Jina lektini lilikuja mwaka wa 1954, kutoka neno la Kilatini lenye maana ya kuchagua, nalo linafaa. Lektini ya mmea mmoja huchagua sukari hii, ya mmea mwingine ile.

Watu wa maabara walilipenda jambo hilo. Tuseme wanataka kujua ni protini zipi katika damu zimebeba sukari. Huzitenganisha kwa umeme ndani ya utando laini kama uji ulioganda, kisha huzihamishia kwenye karatasi maalumu. Karatasi huoshwa kwa lektini iliyofungiwa kimeng’enya cha kutoa rangi. Penye sukari inayotafutwa hutokea mstari mweusi; pengine pote hubaki peupe. Ili kuhakikisha, hurudia kazi hiyo wakiwa wametia sukari yenyewe ndani ya maji. Lektini hushughulika na hiyo, na mstari hupotea.

Haya si mambo ya mbali na Ukambani. Mwaka wa 2004 mahindi yenye kuvu ya aflatoksini yaliwaletea watu 317 ugonjwa, wengi wao wa Makueni na Kitui, na 125 wakafa kwa ini kushindwa kufanya kazi. Sumu hiyo ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi huleta saratani ya ini, hasa kwa mwenye homa ya ini aina ya B. Ini lenye saratani mara nyingi hutoa protini iitwayo alfa-fetoprotini. Shida ni kwamba protini hiyo hupanda pia kwa mja mzito na kwa mtu ambaye ini lake limevimba tu. Hapo ndipo lektini ya kamande (si ndengu zetu za kijani) inapoingia. Hiyo hushika ile alfa-fetoprotini yenye sukari ya ziada iitwayo fukosi, ambayo hutolewa zaidi na ini lenye saratani. Si kipimo cha zahanati ya kijijini, wala hakitoshi bila picha ya ini, lakini humsaidia daktari kujua ni nani wa kuharakishwa.

Turudi jikoni. Sikatazi kapu; linaokoa kuni na mimi nalipenda. Loweka maharagwe saa tano au zaidi, usiku kucha ni bora, kisha mwaga maji hayo. Tia maji mapya na uyachemshe yakitokota kwa nguvu. Dakika 10 ni za lazima, na mimi huwaambia wagonjwa wangu 30. Baada ya hapo ndipo utie sufuria kapuni. Kwa isyo fanya vivyo hivyo, maana mahindi hayapunguzi lektini.

Mbegu za mbarika ni jambo jingine, na vilevile zile nyekundu zenye jicho jeusi za mtipitipi ambazo watoto hutungia shanga. Lektini zake huua, na hazina dawa ya kuzipinga. Mtoto akizitafuna mlete hospitalini mara moja hata kama anacheza, kwa sababu dalili huweza kuchelewa kwa saa nyingi. Njoo na mbegu zilizobaki.