STESHENI YETU YA KIMA

Wengi huniuliza, "Kima kuna nini?" Mimi hupita stesheni yake kila asubuhi nikija shule.

Reli ilianza Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Kisumu 1901. Kwa kuwa njia ni moja, treni husubiriana stesheni ndipo zipishane. Hapa Kima, mwaka wa 1900, afisa wa polisi wa reli, Bwana Charles Ryall, alivizia simba mla watu ndani ya behewa. Usingizi ukampitia, simba akaingia, akamwua. Behewa lenyewe liko makumbusho ya reli, Nairobi.

Nyanya aliuzia abiria maembe dirishani, akamlipia mama karo. Mwaka wa 2017 abiria wa Nairobi na Mombasa walihamia reli mpya, ambayo treni zake hazisimami Kima. Maembe tunayo, wanunuzi hatuna.

Wenzangu, tuwaulize wazee mapema. Mwacha mila ni mtumwa.