Ukiumia Kazini Mbarara, Uende kwa Nani?

Mara nyingi wanachama wetu, hasa wale wanaotoka Nakivale kuja kufanya kazi viwandani Mbarara au katika mashamba ya ndizi na chai ya Isingiro na Bushenyi, hutuuliza: mambo ya halmashauri yanatuhusu nini sisi? Hatupigi kura, mwenyekiti wa kijiji hatujui, na tangazo likibandikwa ukutani hatulisomi. Swali hili ni la haki. Tunapenda kulijibu kwa urefu kidogo, maana wako wenzetu waliokosa haki zao si kwa sababu sheria iliwanyima, bali kwa sababu walibisha hodi kwenye mlango usiohusika.

Tuanze na jiji lenyewe. Mbarara lilipandishwa kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, pamoja na Gulu, Jinja, Mbale, Masaka, Arua na Fort Portal. Kabla ya hapo lilikuwa manispaa ndani ya Wilaya ya Mbarara. Sasa lina halmashauri yake, na limegawanywa sehemu mbili, Kaskazini na Kusini. Kila sehemu ina baraza lake, na chini yake ziko kata na vijiji, yaani ile ngazi ya chini kabisa ambayo sote tunaiita LC 1. Meya huchaguliwa na wananchi. Karani wa Jiji ndiye mkuu wa watumishi na fedha. Tena yuko Mkuu wa Jiji anayewekwa na Rais, ambaye watu humwita kwa herufi tatu, RCC. Huyu hachaguliwi, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama ya jiji. Kwa hiyo tangazo la usalama wa watu na mali hutazamiwa litoke kwake au kwa polisi. Tangazo la takataka, mitaro, masoko na leseni za biashara hutoka kwa halmashauri.

Yako mambo ambayo watu huilaumu halmashauri na kumbe si yake. Maji ya bomba ni ya Shirika la Taifa la Maji. Zimamoto katika Uganda ni idara ya polisi, haiko chini ya meya, kwa hiyo moto ukizuka piga 999 au 112, usikimbilie ofisi ya jiji. Umeme nao umebadilika mwenyewe. Kwa miaka 20 neno letu la Kiswahili lilikuwa jina la kampuni, hata mtu akisema "nawadai umeme" hukujua anadai taa au anadai pesa. Mkataba wa kampuni ile uliisha tarehe 31 Machi 2025, na tangu tarehe 1 Aprili kazi hiyo iko mikononi mwa UEDCL, ambayo ni kampuni ya serikali. Waya ukianguka njiani karibu na kiwanda, hao ndio wa kuarifiwa. Mpaka wafike, mtu asiusogelee waya huo hata kama unaonekana umekufa.

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu.

Tuchukue mfano wa kijana Mkongo anayekaa upande wa Rubondo, Nakivale. Amepata kibarua kiwandani Mbarara. Siku ya Jumatatu mashine inamkata vidole viwili. Msimamizi anampa pesa za bendeji, anamtafutia bodaboda mpaka kituo cha magari, na kumwambia apumzike kwao hadi apone. Kijana anafika Nakivale na kufanya anachokijua: anakwenda kwa mwenyekiti wa baraza la wakimbizi la kijiji chake, lile linaloitwa RWC. Mwenyekiti ni mtu mwema, anamwandikia barua ya kupeleka kwa Kamanda wa makazi. Barua inasubiri zamu yake pamoja na barua za mashamba, za mgawo na za ndoa. Miezi miwili inapita. Kijana anaporudi kiwandani anaambiwa jina lake halimo katika daftari, na kwamba hakuna aliyetoa taarifa ya ajali.

Hapo kosa liko wapi? Mwajiri amekosa, hilo halina ubishi, maana sheria inamtaka aripoti ajali kwa Afisa wa Kazi. Lakini kijana naye amepoteza muda ambao sheria humhesabia. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inataka mwajiri apewe taarifa ya ajali katika muda wa mwezi mmoja. Taarifa hiyo yaweza kutolewa na mfanyakazi mwenyewe au na mtu mwingine kwa niaba yake. Iwapo itathibitika kwamba mwajiri aliijua ajali, kukosekana kwa taarifa hakuui madai, lakini jaribu kuthibitisha hayo wakati shahidi wako pekee ni yule msimamizi aliyekupakia kwenye bodaboda!

Baraza la wakimbizi na Kamanda, ambaye ni mtumishi wa Ofisi ya Waziri Mkuu, wana kazi yao. Nakivale ilianzishwa mwisho wa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, na leo wamo Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo, wote wakiongozwa kwa utaratibu huo. Barua yao inathibitisha kwamba wewe ni nani na unakaa wapi, na hilo lina msaada mkubwa. Lakini Nakivale iko katika Wilaya ya Isingiro, na ajali ilitokea katika jiji la Mbarara. Mwenye mamlaka juu ya ajali ile ni Afisa wa Kazi wa mahali kazi inapofanyika. Naye Afisa wa Kazi, na hapa ndipo wengi hushangaa, ni mtumishi wa serikali ya mtaa, awe wa wilaya au wa jiji. Sheria ya Ajira ya 2006 inampa uwezo wa kuingia mahali pa kazi, kukagua, kusikiliza malalamiko na kuyaamua. Ndiyo sababu tunasema habari za halmashauri ni habari za kazi. Jiji likikaa bila afisa huyo, au likimweka asiye na gari wala karani, aliyepata hasara ni wewe kabla ya mtu mwingine yeyote.

Basi ukiumia, au mwenzako akiumia, andikeni siku ile ile, hata kwenye karatasi ya daftari la shule: jina, tarehe, saa, mashine gani, nani walikuwapo. Mpeni mwajiri nakala na mbaki na nakala. Hospitalini semeni wazi kwamba ni ajali ya kazini, ili iandikwe hivyo. Kisha nendeni kwa Afisa wa Kazi Mbarara, pamoja na mwakilishi wa tawi. Fidia si sadaka. Kwa kifo, au kwa ulemavu wa kudumu unaomwondolea mtu uwezo wote wa kufanya kazi, sheria inataja mapato ya miezi 60. Aliyekuwa akipata shilingi 200,000 kwa mwezi, hiyo ni shilingi milioni 12. Ulemavu wa sehemu hukadiriwa kwa asilimia. Sasa linganisha na pesa za bendeji.

Sheria hii haisemi kwamba ni ya raia peke yao. Tena Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mkimbizi anayetambuliwa haki ya kufanya kazi ya mshahara, na inataja kwa jina haki yake ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Anayemwambia mkimbizi kwamba kadi ya chama si yake, awe mwajiri au, kwa aibu yetu, kiongozi wa tawi, anasema uwongo.

Kabla ya ajali kuna kinga. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka huo huo wa 2006, inamtaka mwajiri atoe glavu, viatu, miwani na vifaa vingine vya kujikinga bila kumkata mfanyakazi hata senti. Mahali penye watu 20 au zaidi panapaswa kuwa na kamati ya usalama yenye wawakilishi wa wafanyakazi. Na mfanyakazi anayeona hatari ya wazi ya maisha yake ana haki ya kuondoka pale alipo. Tusidanganyane: kuondoka peke yako ni kujitafutia kufukuzwa. Mkiondoka mstari mzima, na mwakilishi akiwa mbele, ni jambo jingine.

Wale waliopanga vyumba mjini, Kakoba na kwingineko, wajiandikishe kwa mwenyekiti wa LC 1. Kamati yake ina watu kumi, na mmoja wao anashughulikia usalama. Katika uchaguzi wa Julai 2018, uliofanyika baada ya miaka 17 ya kungoja, wananchi walijipanga mstari nyuma ya waliyemtaka. Mkimbizi hakupanga mstari, lakini wizi ukitokea usiku, au msako ukipita, mwenyekiti ndiye atakayeulizwa: huyu unamjua? Ni vizuri ajibu ndiyo.

Lugha ni tatizo, hatufichi. Matangazo mengi huandikwa kwa Kiingereza na kusomwa redioni kwa Kinyankole. Katiba, kama ilivyorekebishwa mwaka 2005, inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Watoto watafaidi. Sisi ambao shule ilitupita tunahitaji tangazo la leo lieleweke leo. Tunashauri kila tawi liteue mtu mmoja anayejua lugha hizo, awe akisoma ubao wa halmashauri kila juma na kueleza wakati wa chakula cha mchana. Pasipo hivyo uvumi hutawala. Ebola ilipotangazwa Kampala tarehe 30 Januari 2025, tangazo lilitoka Wizara ya Afya, na wizara hiyo hiyo ndiyo iliyotangaza mwisho wake tarehe 26 Aprili. Habari ya ugonjwa isiyotoka huko au kwa wahudumu wa afya wa kijiji, ngojeni kwanza. Uvumi hufika Nakivale kabla ya basi.

Kuna jambo la maji pia. Mto Rwizi unashuka kutoka milima ya Buhweju, unalinywesha jiji la Mbarara, kisha unaelekea kwenye maziwa ya upande wa Isingiro, likiwamo Ziwa Nakivale lenyewe. Mfanyakazi anayeamriwa kumwaga maji machafu ya kiwanda mtoni wakati wa usiku huenda anamwagia watoto wake mwenyewe. Amri ya namna hiyo ni kinyume cha sheria ya mazingira, nayo iletwe tawini mara moja, kabla haijatekelezwa.

Mwisho ni kodi, maana wengine husema halmashauri haiwadai wala hawaidai. Tazama karatasi yako ya mshahara. Ile Kodi ya Huduma za Mtaa iliyoanza mwaka 2008 huenda kwa serikali ya mtaa, nayo hutozwa anayepata zaidi ya shilingi 100,000 kwa mwezi. (Kima cha chini kilichowekwa mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi, msomaji acheke au alie apendavyo.) Anayepata kati ya 200,000 na 300,000 hulipa shilingi 10,000 kwa mwaka, yaani 2,500 kila mwezi kuanzia Julai mpaka Oktoba. Ni mara nne tu. Aliyekwisha kukatwa mara nne, akikuta makato hayo tena mwezi wa Novemba, amwulize karani wa mishahara, na asipojibiwa alete karatasi hiyo tawini.