Figo ya kundi A si ya aina moja

Familia ikiambiwa kwamba figo za ndugu yao zimeacha kufanya kazi, hutafuta nani wa kumtolea moja. Hapa Luberizi na kote katika bonde la Ruzizi, watu huanza kwa kutazama kadi za damu. Mgonjwa ni O, dada yake ni A: basi, dada anaondolewa. Wakati mwingine uamuzi huo ni wa haraka mno.

Kanuni yenyewe ni ya kweli. Mwenye damu ya O ana kingamwili zinazoshambulia antijeni A na B, yaani alama zinazotofautisha makundi ya damu. Mwenye B anazo zinazoshambulia A. Antijeni hizo haziko kwenye damu peke yake, zimo pia katika kuta za mishipa ya figo. Figo isiyopatana na mgonjwa inaweza kuharibika ndani ya saa chache.

Lakini kundi A lina matawi, na makubwa ni A1 na A2. Chembe nyekundu moja ya A1 hubeba antijeni A zinazokaribia milioni moja. Ya A2 hubeba kama robo ya hizo. Figo ya A2 nayo ina antijeni chache, kwa hiyo kingamwili hazipati pa kushika pengi. Madaktari wa Göteborg, Uswidi, walianza katika miaka ya 1970 kuwapandikiza wagonjwa wa O figo za A2. Marekani, tangu Desemba 2014, utaratibu wa kugawa figo za marehemu unaruhusu wagonjwa wa B kupewa za A2.

Kupima tawi si kazi kubwa. Fundi wa maabara huchanganya tone la damu na dawa inayotokana na mbegu za mmea wa jamii ya kunde, Dolichos biflorus. Damu ya A1 huganda vidongevidonge. Ya A2 hubaki laini. Mtoaji akiwa ameongezewa damu karibuni, jibu linaweza kupotosha, hivyo amweleze fundi mapema.

Kisha hupimwa mgonjwa. Maji ya damu yake huzimuliwa nusu kwa nusu, mara kwa mara, mpaka yashindwe kugandisha chembe za A. Yakishindwa mapema, kingamwili ni chache na matumaini yapo. Zikiwa nyingi, hata figo ya A2 ni hatari.

Nafuu hii ya figo za A2 isihamishiwe kwenye kuongezewa damu: mgonjwa wa O hapewi damu ya A2.

Upandikizaji wa figo umetukaribia. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza mwaka 2017, na ile ya King Faisal, Kigali, mwaka 2023. Ndugu msomaji, ukifika mbele ya daktari wa figo na mtoaji wenu ni A, usikubali aondolewe kabla hujauliza: ni A1 au A2?