Krismasi Penye Theluji (2): Mganda wa Ngano na Keki ya Iliki

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilihusu Waislandi wa Manitoba, Kanada. Tukumbushane kidogo. Kundi la kwanza lilitua ufukweni mwa Ziwa Winnipeg Oktoba 1875, mahali walipopaita Gimli. Mapema mwaka huohuo mlima Askja ulikuwa umelipuka kwao, na majivu yake yakawasukuma wengine wengi kuja mwaka 1876. Mwaka huo ndui ikawaua kwa wingi. Waliobaki walijifunza kutandaza nyavu chini ya barafu ya ziwa, na samaki ndio waliowavusha.

Kuanzia mwaka 1897 majirani wapya wakaja kukaa nyuma yao: wakulima wa Ukraine, waliopewa ardhi ya mawe na vinamasi, ekari 160 kwa ada ya dola 10. Watoto wa wavuvi na watoto wa wakulima wakaja kuoana. Hapo ndipo swali letu la leo linapoanza: Krismasi italiwa ya nani?

Kwa miaka mingi kalenda ilijibu yenyewe. Krismasi ya Waislandi huingia Desemba 24 saa kumi na mbili jioni, kengele za kanisa zinapolia, nayo huendelea siku 13 hadi Januari 6. Waukraine waliofuata kalenda ya Juliasi walikuwa nyuma kwa siku hizohizo 13, kwa hiyo Januari 6 jioni ndipo walipoketi kula Karamu Takatifu, yaani karamu ya mkesha wa Krismasi. Nyumba yenye damu zote mbili ilikuwa ikifunga sikukuu moja na kufungua nyingine usiku uleule.

Mwaka 2023 mambo yakabadilika. Makanisa makubwa ya Ukraine yalihamia kalenda mpya kuanzia Septemba 1, na sheria ikaifuta sikukuu ya Januari 7, ikaiacha Desemba 25 pekee kuwa Krismasi. Watu waliokuwa vitani na Urusi hawakutaka tena kuhesabu siku pamoja na Moscow, na haki hiyo siwanyimi. Huku Kanada parokia zinatofautiana. Lakini familia iliyonikaribisha karibu na Gimli ilikuwa imeufuata uamuzi huo, na sasa karamu mbili zimekutana usiku mmoja, huku ya Kiukraine ikikataza nyama, siagi na mayai, na ya Kiislandi ikiwa haijakamilika bila hivyo.

Nje baridi ilikuwa nyuzi 27 chini ya sifuri. Watoto walitumwa uani kuitafuta nyota ya kwanza, kwa sababu kabla haijaonekana hakuna anayetia kitu mdomoni. Pande zile jua huzama mapema, na saa kumi na moja na nusu jioni mdogo wao aliingia mbio, kope zake zimeganda, akipiga kelele kwamba ameiona.

Kwenye kona ulisimama mganda wa ngano uitwao didukh, jina lenye neno “babu” ndani yake. Huaminiwa kwamba mizimu ya ukoo huingia na mganda huo kuja kula pamoja na walio hai. Chini ya kitambaa cha meza palitandazwa nyasi kavu, kukumbuka hori la Bethlehemu, na sahani moja iliwekwa kwa ajili ya marehemu. Bibi mwenye nyumba, kabla ya kuketi, aliinama akakipuliza kiti chake taratibu. Nikamuuliza kwa nini. “Asije akawa amekaa mtu,” akanijibu.

Vyakula vilikuwa 12, kwa hesabu ya mitume. Cha kwanza huitwa kutia: ngano nzima iliyochemshwa hadi ikapasuka, asali, na mbegu za popi zilizosagwa kwenye chungu chenye mikwaruzo ndani. Samaki wanaruhusiwa, na hapa ndipo nilipouona undugu wenyewe. Samaki wa mezani walikuwa wa ziwani, wamevuliwa chini ya barafu kama babu zake mume wa bibi, Waislandi, walivyovua. Nyama ya kondoo ya kukausha kwa moshi haikuleta ugomvi, maana hata Iceland huliwa zaidi Desemba 25. Ikangojea.

Mtihani ulikuwa vínarterta, keki ya matabaka saba membamba yenye jemu ya plamu kavu katikati. Ilikuwa ya kisasa Iceland wahamiaji walipoondoka, na huku Kanada imeshikiliwa kuliko kwao ilikotoka. Ina siagi, ina mayai. Bibi aliifunika kwa kitambaa kilichotariziwa nyekundu na nyeusi, akaiweka kabatini juu, na jioni nzima watoto waliitazama kuliko walivyotazama sahani zao. Harufu yake ilipenya kitambaa: iliki, ileile ya maandazi ya nyumbani kwetu.

Tulirudi kutoka kanisani saa sita na nusu usiku, mfungo umekwisha, theluji ikilia chini ya viatu. Bibi hakuvua hata koti. Aliifunua keki, akaikata vipande vyembamba, cha kwanza akakiweka kwenye sahani ya marehemu.