Hesabu za Alizeti Katika Sanaa ya Kushiriki

Kichwa cha alizeti kilichokomaa hupanga mbegu zake katika mistari inayojipinda kutoka katikati, mingine ikielekea kulia na mingine kushoto, na mtu akiihesabu kwa makini mara nyingi hupata 34 upande mmoja na 55 upande wa pili. Nambari hizo ni za mfuatano wa Fibonacci, ambamo kila nambari ni jumla ya mbili zilizoitangulia, nazo hutokea kwa sababu kila kichipukizi huota kikiwa kimeachana na kilichokitangulia kwa takriban nyuzi 137.5, kipimo kiitwacho pembe ya dhahabu. Mmea haupigi hesabu yoyote: mwaka 1992 wanafizikia wa Ufaransa, Stéphane Douady na Yves Couder, walidondosha matone ya umajimaji wenye sumaku katikati ya sahani yenye mafuta, na matone hayo, kwa kusukumana tu, yakaweza kujipanga kwa pembe iyo hiyo.

Msanii Mmarekani John Edmark ametumia kanuni hiyo katika sanamu zake ziitwazo Blooms. Sanamu ikizungushwa mara 550 kwa dakika, yaani nyuzi 3,300 kwa sekunde, kamera inayonasa picha 24 kwa sekunde huikuta kila mara imesogea nyuzi 137.5 barabara, hivyo kila kijitawi huonekana kimeshika nafasi ya mwenzake, na kitu kisicho na uhai kikaonekana kinachanua bila kukoma.

Uzuri huo wa ajabu, hata hivyo, bado humwacha mtazamaji pembeni. Huko Cornwall, Uingereza, katika bustani za Eden Project, Peter Randall-Page alichonga katika graniti mbegu kubwa ya tani zipatazo 70, yenye vinundu 1,800 hivi vilivyofuata mpangilio huohuo, ambao kiganja kinaweza kuusoma.

Makumbusho ya Taifa ya Hisabati ya New York, yaliyofunguliwa mwaka 2012, yalikwenda mbali zaidi. Katika kazi iitwayo Human Tree, mgeni hujiona kwenye skrini mikono yake ikiwa imeota nakala ndogo za mwili wake, na kila nakala nayo ikiota nyingine ndogo zaidi. Umbo kama hili, ambalo sehemu yake hufanana na zima, huitwa fraktali, na mfano wake hupatikana katika matawi ya miti na mirija ya mapafu. Mtoto akiinua mkono kidogo tu, mti mzima hupanuka au hujikunja, naye huanza kujaribu pembe nyingine, kisha nyingine, jambo ambalo ndilo hisabati yenyewe, hata kabla hajaandika alama yoyote ubaoni.