Chuma hakivunjiki bila kuacha ushahidi

Jioni ya Desemba 15, 1967, magari yalikuwa yamebanana kwenye Daraja la Silver, juu ya Mto Ohio nchini Marekani. Krismasi ilikuwa imekaribia. Ghafla daraja likaporomokea mtoni na watu 46 wakafariki.

Mjini Point Pleasant, West Virginia, wapo waliotaja laana ya Chifu Cornstalk, aliyeuawa hapo mwaka 1777. Wachunguzi, kwa upande wao, waliopoa vyuma, wakavipanga uwanjani kila kimoja mahali pake, hadi wakafikia ufito mmoja uliokatikia kwenye tundu la pini.

Upande wa chini wa tundu ulikuwa umekatika mkato mnyoofu, bila kupinda. Wa juu ulijipinda kwanza ndipo ukaachia. Kwa hiyo wa chini ndio uliotangulia, na wa juu ukaelemewa. Kwenye mkato huo wa chini palikuwa na ufa wa zamani wenye kutu, kina chake kama milimita 2.5 tu. Ulikua polepole kwa kutu na mvutano wa mzigo tangu daraja lilipofunguliwa mwaka 1928.

Wakaguzi wasingeuona bila kufungua kiungo chenyewe. Tena kila pingili ya mnyororo ulioshikilia daraja ilikuwa na fito mbili tu: mmoja ukikatika, wa pili haustahimili. Daraja pacha la St. Marys lilifungwa, na ukaguzi wa madaraja ukawekewa sheria nchi nzima.

Huku kwetu, ekseli ya lori ikikatika, lawama huenda kwa spea feki au dereva aliyezidisha mzigo, na kipande huishia kwenye chuma chakavu. Kitazame kwanza. Sehemu iliyoingia kutu au kulainika, pengine yenye mistari kama ya gogo lililokatwa, ni ufa wa siku nyingi. Ile yenye chembechembe zinazong'aa ndiyo iliyomalizikia. Ikiwa hii ya mwisho ni ndogo, usikimbilie kulaumu mzigo wa siku ile. Tafuta ufa ulipoanzia: mkwaruzo, weldi mbaya, au kona iliyochongwa kali mno.

Usivikutanishe vipande kuona kama vinaingiana, wala usivipige msasa, maana utafuta ushahidi. Na ukifunga ekseli mpya bila kuondoa chanzo, jiandae kununua nyingine.